Yanayomhusu kila msomaji yasikunjwe kwenye tovuti

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa wengi litaonekana ni la mafundi wa kompyuta peke yao, lakini ambalo kila mwaka, madirisha ya maombi ya vyuo na mikopo yanapofunguliwa, huwagusa wananchi wasio mafundi hata kidogo. Ni mtindo wa kukunja maandishi kwenye kurasa za tovuti. Mtu anafungua ukurasa, anakuta orodha ya vichwa vifupi, kila kimoja kikiwa na alama ya kujumlisha au kimshale pembeni, na maelezo yenyewe yamefichwa chini yake mpaka abofye. Akibofya, maelezo yanakunjuka; akibofya tena, yanajikunja. Mtindo huu umeenea katika tovuti za vyuo, halmashauri, hospitali, benki na mashirika ya umma, na mimi, ambaye kazi yangu ni kuhudumia watu kwenye steshenari hapa Morogoro, nauona ukitumika vibaya mara nyingi kuliko unavyotumika vyema. Ombi langu ni kwamba maelezo ambayo kila msomaji anayahitaji ili akamilishe shughuli yake yaachwe wazi. Yakunjwe yale tu ambayo mtu anaweza kuyaruka bila kupata hasara, na hata hayo yakunjwe kwa namna ambayo mwananchi yeyote, kwa kifaa chochote alicho nacho, ataweza kuyafikia.

Sisemi kwamba mikunjo ni mibaya kwa asili yake. Anayefungua Wikipedia kwa simu, iwe ya Kiswahili au ya lugha nyingine, amezoea kukuta utangulizi wa makala ukiwa wazi na sehemu zinazofuata zikiwa zimefungwa chini ya vichwa vyake, na utaratibu huo unamfaa. Kamusi elezo ina makala ndefu, kioo cha simu ni kidogo, na msomaji mara nyingi huja na swali moja: anataka kujua historia ya mji fulani, au idadi ya wakazi wake, si vyote kwa pamoja. Vichwa vyenyewe vinatosha kumweleza kilichomo, na asiyefungua sehemu ya jiografia hapotezi ada wala nafasi ya masomo. Kadhalika, ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara hufaidika na mikunjo, kwa kuwa aliyesahau nywila hana haja ya kupita kwanza kwenye jibu la mtu aliyekosea kuandika jina lake. Hapo kukunja ni kumheshimu msomaji na muda wake.

Shida huanza pale mtindo huo unapohamishiwa kwenye kurasa za maelekezo. Maelekezo ya kujiunga na chuo, kuomba kazi, kusajili biashara au kupata leseni hayachaguliwi; ni mlolongo ambao kila mwombaji analazimika kuupitia wote, kuanzia sifa zinazotakiwa, viambatisho, ada na namna ya kulipa, hadi tarehe ya mwisho. Ukiukata mlolongo huo vipande sita na kuvifunga vyote, umemwongezea msomaji kazi, na zaidi ya hapo umemwachia akisie mwenyewe ni kipande kipi kina jambo litakalomkwamisha. Hakuna mtendaji wa kata anayebandika tangazo la mkutano kwenye ubao wa ofisi huku amelikunja ili wapita njia walikunjue wenyewe, na angefanya hivyo tungemuuliza sababu. Kwenye tovuti hatuulizi, kwa sababu ukurasa uliokunjwa unapendeza machoni.

Kupendeza huko ndiko chanzo cha mengi. Mkuu wa taasisi anayeonyeshwa tovuti mpya ukumbini, kwenye ukuta mkubwa, huona ukurasa mfupi na safi, naye huupitisha. Hakuna katika ukumbi ule anayetafuta ada ya kozi ya ukunga akiwa na salio la kubahatisha. Upande wa mafundi nao, kazi imekuwa rahisi mno. Kwa miaka mingi mikunjo ilitengenezwa kwa JavaScript, lugha ya programu inayozipa kurasa za tovuti uwezo wa kuitikia mibofyo, na maktaba za msimbo ulioandikwa tayari kama jQuery, iliyotoka mwaka 2006, pamoja na Bootstrap, ambayo wahandisi wa Twitter waliitoa kwa umma mwaka 2011, ziliifanya iwe jambo la kunakili kipande cha msimbo na kubadilisha vichwa. Violezo vingi vya tovuti, vya kununua na vya bure, huja na mikunjo tayari ndani yake, na ndiyo maana unaikuta hata kwenye ukurasa wa aya tatu ambao ungesomeka wote bila kukunja lolote. Naamini kwamba mara nyingi hakuna mtu aliyekaa akaamua kwamba maelezo haya yafichwe. Kiolezo ndicho kilichoamua, na sisi tunaohudumia watu ndio tunaokutana na matokeo yake.

Matokeo ninayoyaona zaidi ni ya uchapaji, na naomba nikae hapo kidogo, kwa sababu wanaotengeneza tovuti ni nadra kulifikiria jambo hili. Afisa TEHAMA husoma tovuti yake kwenye kompyuta yenye mtandao wa ofisi. Mwombaji wa kawaida hupitia njia nyingine kabisa: anaona tangazo kwenye simu ya rafiki, anakuja steshenari, anaomba achapiwe ukurasa wa maelekezo, kisha anaondoka na karatasi akaisome nyumbani na wazazi, akaonyeshe kwa mwalimu wake wa zamani, akapeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Karatasi ile ndiyo tovuti yake. Sasa, kivinjari kinapochapa ukurasa ambao mikunjo yake imefungwa, kwa kawaida hutoa vichwa peke yake. Inatoka karatasi yenye maneno “Sifa za Mwombaji”, “Viambatisho”, “Malipo” na “Tarehe Muhimu”, na chini ya kila kichwa hakuna neno hata moja. Sisi tuliozoea hukumbuka kufungua mkunjo mmoja mmoja kabla ya kuchapa, lakini mtu anayechapa kwa haraka huku foleni ikiwa ndefu anaweza kuruka mmoja, na hakuna chochote kwenye karatasi kitakachomwonya kwamba pamepungua kitu.

Nilimhudumia binti mmoja aliyetoka Kilosa na karatasi ya namna hiyo, iliyochapwa mahali pengine. Aliyemchapia alikuwa amefungua mikunjo ya juu na kuuacha mmoja wa mwisho, ulioitwa “Taarifa Nyinginezo”. Humo ndimo chuo kilimoandika kwamba fomu lazima iwe na muhuri wa serikali ya kijiji au mtaa anakotoka mwombaji, na kwamba nakala ya cheti cha kuzaliwa iwe imehakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Mwenye muhuri alikuwa kijijini, binti alikuwa Morogoro mjini, na dirisha lilikuwa linafungwa siku ile ile. Aliniuliza, “Kaka, kwa nini hawakuandika?” Nikamfungulia ule mkunjo kwenye kompyuta, nikamwonyesha kwamba waliandika, na nilipokuwa nikimwonyesha niliona kwamba swali lake lilikuwa na haki kuliko jibu langu. Chuo chenyewe sikitaji, kwa kuwa kosa hilo nimeliona katika tovuti nyingi na si lake peke yake. Ninachotaka wahusika wakijue ni kwamba dawa ya uchapaji ni ndogo sana: ni mistari michache ya msimbo inayoamuru mikunjo yote ifunguke ukurasa unapopelekwa kwenye printa. Fundi mzuri huiandika kwa muda usiozidi ule wa kunywa chai, ila lazima kwanza awe amefikiri kwamba kuna watu wanaochapa.

Jambo la pili ni kutafuta neno ndani ya ukurasa. Tunapotumia kompyuta hubonyeza Ctrl na F, tukaandika neno kama “ada” au “picha”, na kivinjari kikatupeleka lilipo. Kwenye ukurasa uliokunjwa kwa njia za zamani, neno likiwa ndani ya mkunjo uliofungwa, kivinjari husema halipo. Mtu anaamini. Anaondoka akijua kwamba chuo hakikutaja picha za pasipoti, kumbe kimetaja. Kivinjari cha Chrome, tangu mwaka 2022, kinaweza kuufungua mkunjo chenyewe pale neno linapopatikana ndani yake, lakini kinafanya hivyo pale tu fundi alipotumia njia za HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, ambazo kivinjari kinazitambua. Mikunjo mingi tunayokutana nayo haikutengenezwa hivyo.

Katika hili naomba nisifu pale panapostahili sifa. Kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, hazina urembo wa kuzungumzia: jina la shule, muhtasari wa madaraja, kisha orodha ndefu ya namba za watahiniwa na alama za kila somo, yote yakiwa wazi kutoka juu hadi chini. Siku matokeo yanapotoka, wazazi, wanafunzi na walimu wa nchi nzima hufungua kurasa hizo, wengine kwa simu za bei nafuu kabisa, na kila mmoja anaandika namba yake, anaipata, anaona alama. Ukichapa, kinachotoka ndicho kilichopo. Sijawahi kumsikia mteja akilalamika kwamba orodha ile ni ndefu mno au kwamba ingekunjwa. Watu hawaogopi ukurasa mrefu wenye kitu wanachokitaka. Wanaushuka kwa kidole bila hata kuwaza. Hoa Loranger wa Nielsen Norman Group, kampuni ya Marekani inayochunguza namna watu wanavyotumia tovuti, aliliandika jambo hili tangu mwaka 2014: kwamba kuushuka ukurasa ni kwepesi kuliko kuamua ubofye wapi, kwa sababu kila mbofyo unamtaka mtu kwanza apime kama kilicho ndani kinastahili taabu yake. Yeye alikuwa akizungumzia kompyuta za mezani, lakini sehemu kubwa ya hoja yake naiona kila siku kwenye simu za wateja wangu.

Nije kwenye vichwa vya mikunjo, kwa maana hapo ndipo hata mkunjo halali unapoharibika. Maandishi yakiwa wazi, kichwa kibovu hakiumizi sana, kwa sababu jicho litapita kwenye aya yenyewe na kuona inahusu nini. Yakikunjwa, kichwa ndicho kila kitu; msomaji hana kingine cha kumwongoza. Hata hivyo tunakuta vichwa kama “Zaidi”, “Maelezo”, “Mengineyo”, “Utaratibu”, na kile “Taarifa Nyinginezo” nilichokitaja. Kichwa cha namna hiyo hakimwambii mtu ye yote kwamba humo kuna sharti linaloweza kubatilisha maombi yake. Kiandikwe “Mihuri na uhakiki unaotakiwa kwenye fomu”, na hata asiyefungua atajua kuna mihuri. Kiandikwe “Ada ya maombi hairudishwi”, na jambo limekwisha kusomwa kabla ya kubofya. Tena alama ya kujumlisha au kimshale peke yake haitoshi. Wapo watu wazima, wenye akili timamu na biashara zao, ambao hawajui kwamba alama ile ni ya kubonyezwa. Wanaona orodha ya vichwa na kudhani tovuti bado haijakamilika. Mafundi wa serikali ya Uingereza, wanaosimamia mfumo wa usanifu wa tovuti ya GOV.UK, waliongeza maneno ya “onyesha” na “ficha” kwenye kila kichwa cha mikunjo yao, pamoja na alama. Nasi tunayo maneno mepesi kabisa, “Fungua” na “Funga”, wala hayahitaji bajeti.

Mwongozo wa mafundi hao hao unasema waziwazi kwamba mikunjo isitumike kwa maelezo ambayo watumiaji wote wanayahitaji, na kwamba kabla ya kukunja, mwandishi ajaribu kwanza kuyafupisha na kuyarahisisha maandishi, kuyagawa kwenye kurasa kadhaa, au kuyaacha kwenye ukurasa mmoja yakiwa na vichwa vinavyoeleweka. Napenda mpangilio huo, kwa sababu unamrudisha mwandishi kwenye kazi yake. Mara nyingi maandishi hukunjwa kwa kuwa ni marefu, na ni marefu kwa kuwa hakuna aliyeyahariri: yamenakiliwa kutoka kwenye waraka wa ofisi, na namba za vifungu zikiwa ndani yake. Kukunja maandishi mabovu hakuyatengenezi. Kunayaondoa tu machoni pa aliyepaswa kuyatengeneza.

Kuna aina moja ya mikunjo inayowatesa wateja wangu kuliko nyingine zote, nayo ni ile ambayo ukifungua mmoja, uliokuwa wazi unajifunga. Mzazi anataka kulinganisha ada ya cheti na ada ya stashahada ili aone uwezo wake unafika wapi. Anafungua ya kwanza, anasoma. Anafungua ya pili, ya kwanza inafungwa, na pengine ukurasa wote unaruka juu hata hajui yuko wapi. Anarudi, anafungua tena. Mwishowe anaomba kalamu na karatasi, anaandika kwa mkono kile ambacho tovuti ilikuwa nacho tayari. HTML yenyewe siku hizi inaruhusu mikunjo ya kufungana hivi bila JavaScript, na Chrome iliipokea mwishoni mwa mwaka 2023, Firefox mwaka uliofuata, kwa hiyo naogopa tutaiona zaidi. Kuwezekana kwake hakuifanyi ifae. Ada ni za kulinganishwa. Ziwekwe kwenye jedwali moja lililo wazi. Na palipo na mikunjo mingi, pawe na kitufe kimoja juu yake cha kufungua yote kwa pamoja.

Nimesikia hoja kwamba mikunjo humpunguzia mwananchi gharama ya bando, kwa kuwa hafungui asichokihitaji. Katika tovuti nyingi hoja hiyo si ya kweli. Maandishi yaliyokunjwa huwa yameshateremshwa pamoja na ukurasa. Yapo ndani ya simu, yamefichwa tu yasionekane. Msomaji ameyalipia na hajayaona. Zipo tovuti chache ambazo maelezo huletwa pale mtu anapobofya, na hizo zina tatizo lake: mtandao ukikatika kati ya kufungua ukurasa na kubofya, kama unavyokatika mara kwa mara vijijini na ndani ya mabasi, kinachoonekana ni kiduara kinachozunguka. Hata ile mikunjo ya kawaida inayotegemea JavaScript hukwama pale faili la JavaScript linaposhindwa kufika, na ukurasa unabaki na vichwa visivyofunguka kabisa. Wanaotumia kivinjari cha Opera Mini kubana matumizi ya bando wanalijua hili, kwa maana katika hali yake ya kubana sana kurasa huandaliwa kwenye seva za Opera kabla ya kufika kwenye simu, na JavaScript hufanya kazi kwa mipaka.

Njia salama ipo, wala si ngeni. HTML ina lebo mbili, “details” na “summary”, ambazo kazi yake ni hii hasa: ya pili hubeba kichwa, ya kwanza hubeba mkunjo mzima, na kivinjari chenyewe ndicho kinachofungua na kufunga, bila JavaScript yoyote. Chrome ilianza kuzikubali mwaka 2011, Firefox mwaka 2016, na Edge mwanzoni mwa mwaka 2020, kwa hiyo hakuna tena kisingizio kwamba ni mapema mno. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kivinjari kisichozijua lebo hizi huonyesha maandishi yote yakiwa wazi. Kikishindwa, kinashindwa kwa upande wa kumwonyesha msomaji, si kwa upande wa kumficha. Huo ndio msimamo ningependa kila mtengenezaji wa tovuti ya umma auchukue.

Kwa wasioona, suala hili ni zito zaidi. Mtu asiyeona hutumia programu inayomsomea kilicho kwenye skrini, kama TalkBack kwenye simu za Android au NVDA kwenye kompyuta, programu ya bure iliyoanzishwa nchini Australia mwaka 2006. Anapofika kwenye kichwa cha mkunjo, programu inapaswa kumwambia kwamba hiki ni kitufe, na kwamba kwa sasa kimefungwa au kimefunguliwa. Taarifa hiyo haiji yenyewe. Fundi ndiye anayeiweka, ama kwa kutumia lebo nilizozitaja, ama kwa kuandika sifa inayoitwa “aria-expanded”, iliyomo katika viwango vya WAI-ARIA ambavyo W3C, chombo cha kimataifa cha viwango vya wavuti, kilivipitisha mwaka 2014. Asipoweka, asiyeona husomewa “Viambatisho” kama neno la kawaida, kisha “Malipo”, kisha “Tarehe Muhimu”, na hana njia ya kujua kwamba kuna kitu chini yake. Mikunjo mingine imetengenezwa kwa namna ambayo huitikia kipanya peke yake, hivyo anayetumia kibodi hawezi kuifungua hata akijua ipo. Wengine wenye mikono inayotetemeka hukosa kile kimshale kidogo mara tano. Viwango vya WCAG 2.2, vya W3C hiyo hiyo kuhusu tovuti kufikiwa na watu wenye ulemavu, vilivyotoka Oktoba 2023, vinataka kitu cha kubonyezwa kisipungue pikseli 24 kwa 24, na rahisi zaidi ni kuufanya mstari wote wa kichwa uwe wa kubonyezwa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inataja wazi upatikanaji wa habari na mawasiliano, ukiwemo mtandao, na tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Wenzetu wa Kenya walikwenda hatua moja mbele mwaka 2022 kwa kutoa kiwango cha taifa, KS 2952, kinachohusu ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA. Sioni sababu ya sisi kubaki nyuma katika jambo ambalo halihitaji mitambo wala mkopo.

Niseme pia juu ya vigezo na masharti, maneno ambayo redioni husomwa kwa kasi mwishoni mwa tangazo na kwenye tovuti siku hizi hukunjwa. Mtu anajaza fomu, anaweka tiki kwenye kisanduku kinachosema “Nimesoma na nimekubali”, na masharti yenyewe yako ndani ya mkunjo uliofungwa ambao fomu haikumtaka aufungue. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inaeleza kwamba ridhaa ni ile iliyotolewa kwa hiari na kwa kuelewa. Kwa maoni yangu, yale machache yanayomgusa mtu moja kwa moja, yaani taarifa zake zitapelekwa kwa nani, fedha zake zitarudishwa au la, yaandikwe kwa sentensi mbili tatu zilizo wazi juu ya kile kisanduku, na urefu wa kisheria ndio ukunjwe chini yake. Hapo mkunjo utakuwa umefanya kazi yake halali.

Wapo wasimamizi wa tovuti watakaojibu kwamba takwimu zao zinaonyesha watu hawaifungui mikunjo hiyo, na kwa hiyo maelezo yaliyomo hayahitajiki. Nawaomba waitazame takwimu hiyo kutoka upande wa pili wa kaunta. Asiyefungua huenda hakujua kwamba kuna cha kufungua, au kichwa hakikumwambia, au kidole kilikosa kimshale. Kisha wakahesabu simu zinazopigwa ofisini kwao kuuliza mambo yaliyomo ndani ya mikunjo ile, na maombi yanayokataliwa kwa kukosa kiambatisho kilichotajwa humo.

Naiomba Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo kwa sheria ya mwaka 2019 ina jukumu la kuweka viwango na miongozo ya TEHAMA serikalini, ihakikishe kwamba miongozo ya tovuti za umma inataja jambo hili kwa jina: kwamba sifa, viambatisho, gharama, tarehe za mwisho na sababu za kukataliwa ziwe wazi wakati wote, na kwamba mkunjo wowote unaobaki ujaribiwe kwenye printa, kwa kibodi pasipo kipanya, kwa programu ya kusomea skrini na kwa simu ya bei ya chini kabla tovuti haijazinduliwa. Vyuo na mashirika yasiyo ya serikali yanaweza kuanza leo bila kusubiri mwongozo wowote. Na wewe, Mhariri, naomba tovuti ya gazeti lako, inapoweka matangazo ya nafasi za masomo na kazi, iyaweke yote yakiwa yamekunjuliwa, kwani watu wengi huyachapa kutoka kwenu moja kwa moja.

Afisa TEHAMA yeyote anayetaka kuona tovuti yake inavyosomwa na wananchi anakaribishwa kwenye steshenari zetu katika wiki ya mwisho ya dirisha la maombi. Tutampa kiti karibu na printa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtoa huduma za steshenari,
Morogoro